Nikkor 43–86: lenzi iliyohukumiwa kwa kosa jepesi

Kuna lenzi ambazo sifa yake mbaya imesafiri mbali kuliko picha zake. Zoom-Nikkor Auto 43–86 mm f/3.5 ni mojawapo. Mtajie jina hilo mpiga picha aliyeanza kazi enzi za filamu, na kabla hujamaliza atakwambia: "Aa, ile inayopinda kuta." Nikon waliitoa mwaka 1963, ikauzwa kwa wingi sana, halafu ikaja kupachikwa cheo cha lenzi mbovu kuliko zote zilizowahi kubeba jina la Nikkor. Miaka ya karibuni upepo umegeuka kidogo. Vijana wanaofunga lenzi za zamani kwenye kamera za kidijitali wameigundua upya, na sasa utasikia kwamba "ina roho", kwamba ukiielekeza kwenye jua la jioni inatoa kitu ambacho lenzi za leo haziwezi.

Nimekuwa na toleo la kwanza la lenzi hii mezani kwa miezi kadhaa, na nimesoma sana yanayosemwa juu yake. Nitasema mapema ninakosimama ili msomaji asinisubiri: wanaoilaani wanailaani kwa kasoro inayosameheka, na wanaoisifu wanaisifu kwa kasoro isiyosameheka. Kasoro za lenzi si kitu kimoja. Ipo inayohamisha taarifa kutoka mahali pake, na ipo inayoipoteza taarifa moja kwa moja. Uhakiki unaochanganya hizo mbili, hata ukiwa na picha nzuri za mfano, haumsaidii mwanafunzi anayetaka kujua kama kifaa kitamfaa kwa kazi yake.

Kwanza tuione lenzi yenyewe. Ilichorwa na Takashi Higuchi wa Nikon, na mwanzoni ilifungwa moja kwa moja kwenye kamera iitwayo Nikkorex Zoom 35, huwezi kuichomoa. Mwaka huohuo ikatoka pia kama lenzi ya kubadilisha. Ndani ina vipande 9 vya kioo katika makundi 7, uzito wake ni gramu 410 hivi, na inakubali chujio la milimita 52, saizi ileile ya lenzi nyingine nyingi za Nikon za wakati huo. Namba hizo zinaonekana za kawaida mpaka uziweke kando ya zumu iliyoitangulia. Mwaka 1959 Voigtländer walikuwa wametoa Zoomar 36–82 mm f/2.8, kazi ya Frank G. Back, yenye vipande 14 vya kioo, uzito wa karibu gramu 800, na mdomo mpana unaodai chujio la milimita 95. Ile ilikuwa mashine ya kuonyesha kwamba jambo linawezekana. Hii ya Higuchi ilikuwa lenzi ya kubeba shingoni siku nzima.

Nusu ya uzito, theluthi mbili ya kioo. Hapo ndipo deni lilipokopwa, na ni vizuri kulijua kabla ya kuanza kulidai.

Lenzi ya zumu inabadilisha urefu wa fokasi kwa kusogeza makundi ya vioo ndani yake. Ukisogeza kundi moja tu, ukubwa wa picha unabadilika lakini na mahali picha inapotua panahama. Filamu haihami, kwa hiyo picha inapotea fokasi. Ndiyo maana lazima pawepo msogeo wa pili unaoirudisha picha mahali pake wakati wa kwanza unaendelea. Sasa fikiria kila kasoro ya lenzi. Philipp Ludwig von Seidel alizichambua kihesabu mwaka 1857 na kupata kasoro tano za msingi ukiacha zile za rangi. Mchoraji wa lenzi ya kawaida anazisawazisha kwa mpangilio mmoja wa vioo, akamaliza. Mchoraji wa zumu anatakiwa azisawazishe zote katika kila hatua ya msogeo, na vioo ni vilevile. Ni kama kushona suti moja ivaliwe na baba na mtoto wake wa miaka kumi. Fundi mzuri ataishona, lakini usimwulize mabega yamekaaje.

Kabla sijafika kwenye mabega hayo, kuna jambo moja kwenye lenzi hii ambalo wahakiki hulipita haraka, nami nitakaa nalo. Udhibiti wote uko kwenye pete moja. Ukiizungusha, unaweka fokasi. Ukiisukuma au kuivuta, unabadilisha urefu wa fokasi. Mkono wa kushoto hauachi pete hata mara moja. Na chini ya pete hiyo, kwenye mwili wa lenzi, kuna mistari ya rangi iliyopinda, inayokaribiana upande mmoja na kuachana upande mwingine kama matawi ya mnazi. Watu wengi wanadhani ni mapambo. Ni grafu.

Kila rangi inalingana na namba moja ya tundu. Ukisoma mahali mstari unapokutana na ukingo wa pete, unajua kuanzia umbali gani hadi umbali gani vitu vitaonekana vizuri kwenye picha. Mistari imepinda kwa sababu eneo hilo linategemea urefu wa fokasi, tena si kwa kiasi kidogo: kwa tundu lenye namba ileile na umbali uleule, ukitoka 43 kwenda 86 linapungua karibu mara nne, kwani linafuata kinyume cha mraba wa urefu wa fokasi. Darasani tunaandika uhusiano huo ubaoni, wanafunzi wananakili, basi. Hapa umechorwa kwenye silinda ya chuma, na pete yenyewe ndiyo inayotembea juu ya mhimili. Nimewahi kumpa lenzi hii mtu asiyejua fizikia hata kidogo, na baada ya dakika tano alikuwa anasoma grafu ile bila kujua kwamba anasoma grafu. Lenzi za leo zenye injini ya fokasi zimeifuta mistari hiyo. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa skrini inaonyesha kila kitu. Skrini inaonyesha tokeo, uhusiano wenyewe hauonekani popote.

Kuna somo jingine la bure. Lenzi hii inabaki f/3.5 mwanzo hadi mwisho. Namba hiyo ni urefu wa fokasi ugawanywe kwa kipenyo cha tundu jinsi linavyoonekana kutoka mbele. Kwa hiyo kwenye 43 tundu linatakiwa lionekane na kipenyo cha milimita 12.3, na kwenye 86 milimita 24.6, mara mbili yake. Fungua tundu lote, tazama lenzi kwa mbele ukiwa umeielekeza dirishani, kisha sogeza pete. Utaliona tundu linakua mbele ya macho yako ilhali mabamba yake hayajasogea. Kilichobadilika ni vioo vya mbele vinavyolikuza. Fanya jaribio hilo mbele ya darasa la kidato cha tano uone kitakachotokea.

Haya, mabega.

Kwenye 43 mistari iliyonyooka inavimba kuelekea nje, kama mbavu za pipa. Kwenye 86 inafanya kinyume: inaingia ndani, kama kingo za turubai lililofungwa kamba pembe nne na kuvutwa kwa nguvu. Nimepiga ukuta wa matofali ya saruji kwa hatua zote, na sihitaji rula kuliona jambo hili. Mistari ya saruji kati ya matofali inajieleza yenyewe. Mahali fulani katikati ya safari hiyo kuna hatua ambapo ukuta unakaribia kunyooka. Lazima iwepo, maana huwezi kutoka upande mmoja wa sifuri kwenda wa pili bila kuipita. Yeyote anayepiga majengo kwa lenzi hii anatakiwa aitafute hatua hiyo aitie alama.

Sasa, kosa lenyewe ni zito kiasi gani? Inategemea unafanya nini. Tuseme mwenzangu wa ekolojia anaweka fremu ya mraba ya mita moja juu ya nyasi, anapiga picha kutoka juu, kisha anahesabu kwenye kompyuta ni sehemu gani ya ardhi imefunikwa na mmea gani. Tuseme tena lenzi inavuta nukta za kwenye kona ya fremu ndani kwa asilimia 3. Namba 3 ni ya mfano, sikuipima kwenye lenzi hii. Wengi wangesema asilimia 3 si kitu. Lakini upindaji wa aina hii hukua kwa mraba wa umbali kutoka katikati, na ukifanya hesabu ya eneo pale kwenye kona unapata hivi: kwenye mwelekeo wa kutoka katikati kwenda nje, vitu vimebanwa kwa asilimia 9, kwenye mwelekeo unaoukata huo kwa asilimia 3, na 0.91 mara 0.97 ni 0.88. Kichaka cha kwenye kona kimepoteza asilimia 12 hivi ya eneo lake. Asilimia 3 imegeuka 12 bila mtu kuona, na ikiwa mmea fulani unapenda kukaa pembeni mwa fremu, utafiti mzima umeegemea upande mmoja.

Lakini angalia hakuna kilichopotea. Kila jani lililoingia kwenye lenzi limetua kwenye picha, ila si mahali lilipotakiwa. Na kwa kuwa kanuni ya kuhamishwa kwake inajulikana, unaweza kulirudisha. Unachapisha ubao wa miraba kama wa dama, unaupiga picha kwa pembe mbalimbali, programu huria kama OpenCV inakokotoa upindaji, na kuanzia hapo kila picha inanyooshwa kwa amri moja. Simu uliyonayo mfukoni ina uwezekano mkubwa wa kufanya hivyohivyo kila unapobonyeza kitufe. Lenzi nyingi za kisasa zimechorwa kabisa kwa kutegemea kwamba kompyuta itanyoosha mistari baadaye, na wachoraji wakatumia uhuru huo kupunguza uzito na bei. Kwa maneno mengine, kitu kilichoiponza lenzi ya mwaka 1963 leo ni mbinu inayokubalika kiwandani.

Simaanishi wahakiki wa zamani walikosea. Mtu aliyepiga slaidi mwaka 1965 na kuirusha ukutani mbele ya wageni hakuwa na njia rahisi ya kunyoosha chochote. Mnara ukiwa na tumbo, ulibaki na tumbo. Kwake kasoro ile ilikuwa ya kudumu, na alikuwa na haki ya kulalamika, hasa akiwa amelipa bei ya Nikkor. Tatizo langu ni na wale wanaonakili hukumu yake leo, na lenzi iko kwenye kamera ya sensa, bila kuuliza kama ushahidi bado ni uleule.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Utakuta mtu amefunga lenzi hii kwenye kamera yenye sensa ndogo, ile inayokata picha kwa 1.5, akatangaza kwamba uvumi wote ni uongo, mistari imenyooka. Ndugu yangu, wewe hujaiona lenzi yote. Sensa hiyo inatumia theluthi mbili tu ya umbali kutoka katikati hadi kona, na kwa kuwa upindaji unafuata mraba, kwenye kona yako umebaki na nne ya tisa, chini ya nusu. Tena 43 yako inakupa upana wa 65 hivi, kwa hiyo hata nafasi ya kupiga chumba umeipoteza. Lenzi hii ilichorwa kwa fremu ya milimita 24 kwa 36, ambayo kutoka kona hadi kona ni milimita 43.3. Kwa hiyo 43 inayoonekana ya ajabu kwenye jina lake inakaribia sana kipimo ambacho wapiga picha wamekuwa wakikiita cha kawaida, na 86 ni maradufu yake. Ukitaka kuipima, ipime kwenye fremu hiyo.

Hata hivyo, msamaha wangu una sharti. Upindaji unarekebishika pale tu unapojua uko kwenye hatua gani ya zumu, na lenzi hii haizungumzi na kamera. Faili la picha halitaandika kama ulikuwa 50 au 70. Pia pete za namna hii zikichakaa huteleza zenyewe ukielekeza lenzi juu au chini, na mtu wa fremu ya nyasi anaielekeza chini kila siku. Umefanya vipimo vyako vyote kwenye 43, umefika porini, kufikia picha ya kumi pete imeshuka bila kukuaga, na kanuni uliyoikokotoa si ya hatua hiyo tena. Dawa ni kipande cha solotepu, na kupiga ubao wa miraba mwanzo na mwisho wa kila siku. Usipokuwa tayari kufanya hivyo, chukua lenzi isiyo na zumu, usijisumbue.

Sasa twende kwenye kasoro inayosifiwa. Kila mahali hewa inapokutana na kioo, sehemu ya mwanga inaakisiwa. Kwa kioo cha kawaida kisichopakwa kitu ni karibu asilimia 4. Makundi 7 yana nyuso 14 zinazogusa hewa. Zidisha 0.96 kwa yenyewe mara 14 unapata 0.56, yaani bila utando wowote karibu nusu ya mwanga usingefika kwenye filamu. Kwa bahati nzuri Alexander Smakula wa Zeiss alikuwa amepata hataza ya utando wa kuzuia kuakisi tangu mwaka 1935: tabaka jembamba la unene wa nanomita 100 hivi, linalofanya mawimbi yanayorudi yafutane. Tabaka moja la namna hiyo linashusha hasara hadi kati ya asilimia 1 na 2 kwa kila uso. Lenzi za Nikon za mwanzo wa miaka ya 1960 zilikuwa na tabaka moja.

Lakini mwanga ulioakisiwa haufi. Unarudi nyuma, unagonga uso mwingine, unageuka tena kuelekea kwenye filamu, na sasa uko mahali usipotakiwa kuwa. Kwa nyuso 14 kuna jozi 91 za kuakisi mara mbili namna hiyo. Baadhi zinatua kama madoa ya rangi yenye umbo la tundu. Nyingi zinasambaa tu na kufunika picha nzima kwa ukungu. Jua likiwa ndani ya fremu, au hata pembeni yake, lenzi hii inafanya yote mawili kwa ukarimu. Ndicho kinachoitwa roho.

Sina ugomvi na anayekipenda kwa macho. Picha ya harusi yenye ukungu wa dhahabu inaweza kuwa nzuri, na hakuna fizikia ya kumkataza mtu uzuri. Ugomvi wangu ni pale inaposemwa kwamba lenzi hizi "zinaona zaidi", au kwamba ukungu huo ni laini tu na utauondoa baadaye ukitaka. Hutauondoa. Chukua sehemu yenye kivuli iliyopokea fotoni 100. Mwanga huja kwa kubahatisha, kwa hiyo mtikisiko wake ni mzizi wa mraba, yaani 10. Una taarifa mara 10 ya kelele, si mbaya. Sasa ukungu umeongeza fotoni 900 juu yake. Unaweza kutoa 900 kwenye kompyuta, hesabu ikarudi 100 kwa wastani. Lakini mtikisiko umekuwa mzizi wa 1,000, karibu 32, na huo hautoki. Uwiano wako umeshuka kutoka 10 hadi 3 hivi. Na hapo tumejifanya kwamba tunajua ukungu ni 900 kila mahali, jambo ambalo si kweli, kwani madoa hayako sawa na yanahama ukigeuza kamera kidogo tu. Uso wa bibi aliyekaa kivulini na dirisha nyuma yake umekwenda, na hakuna programu ya kuurudisha. Zile zinazodai kuurudisha zinachora uso mwingine.

Kofia ya lenzi inasaidia, na kiganja cha mkono kinasaidia zaidi kama kamera iko kwenye miguu mitatu. Nashangaa jinsi wasifu wengi wa lenzi hii wanavyopiga bila kofia makusudi, halafu wanamalizia kwa kulalamika kuhusu kuta.

Kuhusu ukali wa picha nitasema kifupi. Tundu likiwa wazi lote, katikati panatosha na kona zimelegea, hasa kwenye 43. Ukifunga hadi f/8 au f/11 inakuwa lenzi ya heshima. Ulegevu wa kona nao ni taarifa iliyopotea, ila dawa yake iko mkononi mwako, nayo ni pete ya tundu. Gharama ni mwanga. Hata f/3.5 yenyewe ilikuwa inapitisha mwanga mara 6 pungufu ya lenzi ya f/1.4, na enzi za filamu usingeweza kupandisha wepesi wa kupokea mwanga kwa picha moja. Ulichokiweka ndani ya kamera ulikaa nacho mpaka picha ya 36. Kilichoniudhi zaidi ni umbali wa chini wa kufokasi, mita 1.2. Kwa hesabu ya lenzi nyembamba, jani la sentimita 10 litachukua takriban milimita 8 au 9 za fremu kwenye 86. Kwa mtu wa wadudu au wa maua hiyo ni kazi bure.

Nikon wenyewe walirudi mezani. Katikati ya miaka ya 1970 walichora upya mpangilio wa ndani, vipande 11 katika makundi 8, jina na namba za nje zikabaki zilezile. Na hapa ndipo hadithi yangu ya aina mbili za kasoro inapopata shahidi. Toleo jipya lina nyuso 16 badala ya 14, kwa hiyo jozi za kuakisi zimepanda kutoka 91 hadi 120, ilhali linastahimili jua vizuri zaidi, kwa kuwa kufikia wakati huo tabaka moja la utando lilikuwa limepisha tabaka nyingi. Ukishusha hasara ya kila uso hadi nusu asilimia, asilimia 92 ya mwanga inapita nyuso zote 16, na kila doa linadhoofika kwa sababu limeakisiwa mara mbili. Kona nazo zimekaza. Upindaji umepungua ila haukuisha. Yaani wahandisi walipopata nafasi ya pili, faida kubwa waliipata kwenye taarifa iliyokuwa inapotea. Hilo toleo linastahili kutajwa kando kila lenzi hii inapohakikiwa, na karibu halitajwi; hukumu ya ndugu mkubwa imeandikwa kwenye cheti cha mdogo.

Kwa hiyo kama unanunua, tafuta la pili. Usitegemee maandishi ya mbele, kwani yalibadilika wakati vioo vya ndani bado ni vya zamani. Njia rahisi ni kutafuta lenzi ya mfumo wa AI, uliokuja mwaka 1977: pete ya tundu ina safu mbili za namba, kubwa na ndogo. Hiyo kwa kawaida ni ya vioo vipya. Lenzi ya kabla ya AI usiilazimishe kwenye kamera za Nikon zilizokuja baadaye bila kuuliza, inaweza kuvunja kijino cha kamera; kwenye kamera za kidijitali zinazotumia adapta haina shida.

Na kwa wanunuzi wa Pwani, iwe Tanga, Unguja au Mombasa, beba tochi ya simu. Fungua tundu lote, mulika kwa nyuma, tazama kwa mbele. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu hupenda unyevu wetu kama sisi tunavyopenda upepo wa jioni. Hula utando wa kioo, na ukishaliwa, asilimia 4 ya uso ule inarudi. Muuzaji atakwambia kuvu haionekani kwenye picha. Mwombe akupigie moja ikitazama jua, halafu mkiangalie pamoja kivuli.